Picha Nayo Iulizwe Isnadi



Siku ya ishirini na tisa ya mwezi mmoja wa Shaaban, baada ya sala ya alasiri, niliwachukua wanafunzi wangu wa chuoni tukateremka Forodhani kutazama mwezi. Mji Mkongwe wetu, kama ujuavyo, umeelekea machweo, na mtu akisimama ukingoni mwa bahari jioni hana jengo wala mnazi wa kumzuia. Mwenyezi Mungu alitujaalia mbingu safi. Jua lilipokwisha kuzama, baada ya muda kijana mmoja akauona, kisha tukauona sote: uzi mwembamba mweupe, umelala chali juu ya maji, ncha zake mbili zikitazama juu mfano wa mtumbwi mtupu. Tukaomba dua, tukarejea msikitini kwa furaha.

Asubuhi yake niliwaambia: chukueni karatasi, kila mmoja auchore mwezi alioushuhudia jana. Walikuwa kumi na wanane. Kumi na sita walinichorea mwezi uliosimama wima, mnene kama kipande cha tikiti, umegeuza mgongo upande mmoja, na wengi wao wakautilia nyota katikati ya pembe zake. Wawili tu ndio waliochora kilicholala. Na katika hao wawili mmoja alinijia akaniomba karatasi nyingine, kwani alitazama za wenziwe akadhani yeye ndiye aliyekosea.

Nimelifikiri jambo hili tangu siku ile. Watoto hawa si waongo. Walikuwapo, walitazama, waliona. Lakini walipotakiwa kueleza walichokiona, mkono ukaandika kitu kingine walichokiona mara elfu kabla ya usiku ule: mwezi wa kwenye kalenda, wa kwenye boksi la tende, wa kadi za Idi, wa bendera za nchi za watu. Picha ililishinda jicho. Nami leo nataka tuzungumze, mimi na wewe, juu ya picha hizi zinazotufundisha elimu ya maumbile, kwani naona tumezipokea nyumbani mwetu bila ya kuzihoji.

Kwanza tulimalize la mwezi. Kwa nini mwezi wetu wa Unguja hulala? Kwa sababu upande wa mwezi unaong'aa daima huelekea jua. Sisi tupo karibu na mstari wa ikweta, kiasi cha digrii 6 tu kusini yake, na huku kwetu jua hushuka karibu wima likazama. Basi hilali inapoonekana baada ya magharibi, jua liko chini yake, na mwangaza unaupiga mwezi kwa chini. Ndiyo maana tumbo lake liko chini na pembe ziko juu. Katika miezi mingine ya mwaka huinama kidogo upande wa kaskazini, na katika mingine upande wa kusini, lakini hausimami kama ule wa bendera. Huko nchi za kaskazini, Istanbul na London, jua huzama kwa kupinda, kwa hiyo mwezi wao huonekana umeegemea ubavuni. Aliyechora mwezi wa wima hakukosea kwa macho ya kwao. Aliyekosea ni mimi na wewe tulioubandika kwenye ukuta wa Malindi tukawaambia watoto: huu ndio mwezi.

Ama nyota iliyoingizwa ndani ya pembe, hiyo haionekani huko wala huku. Pahali pale patupu si pahali patupu. Pana mwezi wenyewe, ule upande wake wenye giza, na hakuna nyota inayoweza kuonekana kwa kupenya mwezi. Itazame bendera ya Tunisia, nyota imekaa humo kwa starehe. Siilaumu bendera, bendera ni alama, haikudai kuwa somo la falaki. Lakini mtoto hajui tofauti baina ya alama na somo mpaka aambiwe, na nani aliyemwambia?

Huenda ukasema: Sheikh, huu ni mchoro tu wa watoto. Nakujibu: mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoletewa mtu anayesema ameuona mwezi, hakumuuliza tu umeuona? Alimuuliza pembe zake zilielekea wapi, ulikuwa kushoto ya jua au kulia, juu kiasi gani. Kwa majibu hayo alipambanua aliyeona na aliyetamani kuona. Sasa fikiri: kijana aliyeona kweli akajibu kwa mwezi wa kalenda, ushahidi wake utakataliwa na hali ni mkweli. Na asiyeona kitu akajibu vilevile kwa mwezi wa kalenda mbele ya msikilizaji ambaye naye hajui ila huo wa kalenda, ushahidi wake utakubaliwa. Saumu za watu zimo humo.

Sisi tuliosomeshwa chuoni tulifunzwa kwamba habari haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake. Huulizwa isnadi: umeipokea kwa nani, naye kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani, alikuwapo au alisikia? Maulamaa wetu walisafiri miezi kwa ajili ya jina moja katika mnyororo wa wapokezi. Lakini ikija picha, tunaipokea uchi. Haina jina la aliyeichora, haina kipimo, haikusema imekuzwa mara ngapi, wala rangi zake ni za kitu chenyewe au za rangi ya duka. Tunasema tu: nimeona kwa macho yangu. La, ndugu yangu. Umeona kwa macho ya mtu mwingine, naye humjui.

Wala usidhani kuwa desturi ya kuihoji picha ni ngeni kwetu. Abdurrahman as-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi aliyefariki mwaka 986, aliandika kitabu chake cha picha za nyota zisizohama kiasi cha mwaka 964. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili: mara moja kama lionekanavyo na mtu aliyesimama ardhini akitazama mbingu, na mara ya pili kama lionekanavyo juu ya tufe la falaki, ambalo mtu hulitazama kwa nje. Picha hizo mbili ni kinyume, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Angeweza kuchora moja akajipumzisha. Lakini alijua kuwa msomaji mwenye tufe mkononi na msomaji mwenye mbingu juu ya kichwa chake hawatazami kutoka pahali pamoja, na asipowaambia, mmoja wao atapotea. Huo ndio uaminifu wa mchoraji: kumwambia mtazamaji, hapa niliposimama ni hapa.

Sasa linganisha na hii. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa mmoja, Thierry Legault, aliupiga picha mwezi katika dakika ile ile ya kuzaliwa kwake, mchana, jua likiwaka karibu yake. Ni kazi ya ustadi mkubwa, wala simwondolei sifa zake. Ile ilikuwa mwisho wa Shaaban ya mwaka 1434, na baada ya hapo nilianza kuletewa picha hiyo katika simu karibu kila Ramadhani ikikaribia: hilali nyembamba mno kwenye ubuluu wa mbingu, na chini yake maneno, mwezi umeshaonekana, kwa nini masheikh wanatuchelewesha? Picha ilifika. Isnadi yake haikufika. Haikusemwa kuwa ilipigwa kwa darubini iliyokingwa jua kwa ubao, kwa mwangaza ulio nje ya wekundu ambao jicho la binadamu haulioni kabisa, kisha ikashughulikiwa ili kile kidogo kilichopo kidhihiri. Siku ile mwezi ulikuwa umeachana na jua kwa digrii 4 na nusu tu hivi, na wanafalaki tangu zama za Mfaransa mwingine, Danjon, wanasema chini ya digrii 7 jicho halitambui kitu. Yaani picha ile, kwa hakika yake, ni dalili kwamba mwezi huo hauonekani kwa macho, na watu wameitumia kuwa dalili kwamba unaonekana. Picha ya kweli, maana yake ya uongo.

Naye Legault mwenyewe aliyaeleza haya yote wazi. Waliokata maelezo ni wale walioipitisha mkono kwa mkono.

Hata picha mashuhuri kuliko zote za dunia ina kisa chake. Ile ya tarehe 7 Desemba 1972, iliyopigwa na Wamarekani watatu wa Apollo 17 wakiwa njiani kwenda mwezini, wengi mmeiona: tufe zima la dunia, buluu na nyeupe. Ndani yake mna Afrika karibu yote, mna Bukini, mna Bara Arabu. Pwani yetu hii imo, ingawa usitarajie kukiona kisiwa chetu. Katika picha kama ilivyopigwa, kusini ilikuwa juu. Ikageuzwa kabla ya kutolewa kwa watu, ili kaskazini iwe juu kama ramani za Ulaya zilivyozoea. Nilipolijua hilo nilicheka, kwani Sharif al-Idrisi alipoitengeneza ramani yake ya dunia mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme wa Sicily, naye aliweka kusini juu. Mbinguni hapana juu wala chini ya namna hiyo. Lakini muulize mwanafunzi wa skuli, atakwambia Ulaya iko juu yetu, na namwogopea asije akalifahamu neno hilo kwa maana nyingine.

Ya korona nitayapitia kwa haraka, maana bado yanatuuma. Mwaka 2020 ulimwengu mzima ulioneshwa lile donge la kijivu lenye miiba myekundu. Lilichorwa na wachoraji wa idara ya afya ya Marekani, na umbo lake walilitoa katika utafiti. Lakini rangi walizichagua wao. Kitu chenyewe hakina rangi yoyote, kwani ni kidogo kuliko wimbi la mwangaza unaotuonesha rangi. Vipange kiasi cha elfu kumi katika mstari mmoja ndipo ufike milimita moja. Hapa barazani kwetu mzee mmoja alikuwa akikung'uta kanzu yake kila akitoka sokoni, kama mtu anayetoa mbegu za majani yenye miiba. Alikuwa akifuata picha kwa uaminifu kuliko sisi sote. Na madirisha ya chumba alichokaa na wenzake yalikuwa yamefungwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi nasomesha Mjini, lakini chuo chetu kingine kiko shamba, upande wa Kaskazini Unguja, na huko huenda siku mbili katika wiki. Upande ule Mwenyezi Mungu ameupa maji: vijito, mabwawa na mabonde ya mpunga. Na pamoja na maji pana kichocho. Msomaji wa Mjini huenda asiujue, au anaukumbuka kwa mbali kuwa ni maradhi ya watoto kukojoa damu. Lakini ukiachwa miaka huharibu kibofu na figo za mtu mzima, na kwa wanawake huwadhuru hata sehemu za uzazi.

Ukutani kwenye zahanati moja ya upande huo, ambayo sina haja ya kuitaja, palikuwa na bango la kichocho. Ni mchoro unaojulikana duniani kote. Ukienda nchi nyingine utaukuta vilevile. Ni duara. Juu yupo mtoto amesimama kando ya mto, anakojoa. Mshale unakwenda kwenye yai lenye mwiba. Mshale mwingine unakwenda kwenye kijidudu chenye nywele. Mshale wa tatu unakwenda kwa konokono. Kisha kijidudu chenye mkia, kisha mtoto tena, safari hii amo majini anaoga. Wanafunzi wangu wote wameuona mchoro ule, na walio skuli wameunakili katika madaftari yao. Ukiwauliza wanaukariri kama wanavyokariri Juzuu Amma.

Na mmoja wao, kijana wa miaka kumi na miwili, hodari wa hifdhi, alikuwa akikojoa damu kwa miezi bila ya kusema.

Nilimuuliza: mwanangu, si unalijua bango? Akasema analijua. Unaoga wapi? Akanitajia pahali, kijito kinachopita chini ya mabonde. Si umefunzwa kuwa mna konokono? Akanijibu, naye ananitazama kwa mshangao wa kweli: "Mwalimu, pale hamna konokono. Sisi huangalia kwanza."

Msomaji, neno hili nililibeba kichwani njia nzima ya kurudi Mjini. Watoto wale walikuwa wanatii! Waliambiwa wajihadhari na konokono, wakawa hawaingii majini mpaka watazame. Walikuwa wakimtafuta konokono wa kwenye bango, ambaye amechorwa mkubwa kama kichwa cha mtoto aliye pembeni yake. Na konokono mkubwa wanaye wanayemjua, yule wa mashambani anayetembea baada ya mvua, ambaye hana habari na kichocho hata kidogo. Wakimwona huyo njiani humkimbia. Konokono wa kichocho ni mdogo, hashindi ncha ya kidole, na wachanga wake ni kama punje za mpunga. Amejificha chini ya majani ya majini na kwenye vijiti vilivyooza. Na wala si yeye anayeingia mwilini. Anayeingia ni kile kijidudu chenye mkia, ambacho hutoka ndani ya konokono kwa mamia na maelfu, hasa mchana wa jua kali, wakati huohuo watoto wanapotaka kuoga, nacho kinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache. Urefu wake na mkia wake hautimii milimita moja. Katika bango alikuwa sawa na konokono, naye konokono sawa na mtoto, na yai ambalo halionekani ila kwa hadubini lilikuwa kubwa kuliko wote.

Pana hadithi inayosimuliwa katika nchi nyingi za Afrika tangu zama za wakoloni. Husemwa kuwa wazungu walileta sinema ya mbu kijijini, mbu akajaa kitambaa kizima, na wanakijiji wakasema: alhamdulillahi, kwetu hatuna mbu wakubwa namna hiyo. Wazungu waliipenda sana hadithi hii, wakiitoa kuwa ni ushahidi kwamba mtu mweusi hajui kutazama picha. Mimi sijui ni kijiji gani. Ninachojua ni kuwa hapa Unguja watu walijaa Majestic, Empire na Sultana, na mama zetu walikuwa na maonyesho yao ya wanawake peke yao, wakarudi nyumbani wakausimulia mchezo wa Kihindi kuanzia mwanzo hata mwisho bila ya kujua neno la Kihindi. Televisheni ya rangi tulikuwa nayo tangu 1974, miaka ishirini kabla ya Bara. Kutazama twajua. Kama hadithi ile ya mbu ni kweli, basi wanakijiji wale walisema neno la busara: umetuonesha mnyama bila ya kutuambia kipimo chake, nasi tumempima kwa mbu tunaowajua, hakulingana. Kosa la nani?

Na duara lenyewe lina ila yake. Duara halina mlango. Mishale yote ni sawa kwa unene, kila kitu kinamfuata mwenzake, mtoto anaishia alipoanzia; mwenye kutazama anapata kwamba haya ndiyo maumbile, kama mvua na jua. Lakini katika mishale ile upo mmoja ambao mtoto mwenyewe ana uwezo nao, ule wa kwanza: mkojo usifike majini. Ukikatika huo, yai halianguliwi, konokono atakaa na amani yake, na maji yatakuwa maji tu. Mchoraji alipaswa kuuchora mshale huo mwekundu na mnene, na mingine aipitie kwa penseli.

Hapa najitia hatiani mimi mwenyewe kabla ya mchoraji. Wanafunzi wangu wanaijua katika mlango wa tahara ile hadithi sahihi, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) amemkataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Wameihifadhi kwa Kiarabu na tafsiri yake. Hadithi imo katika daftari la chuoni, na bango limo katika daftari la skuli, na sikuwahi hata siku moja kuyaweka madaftari hayo mawili juu ya mkeka mmoja. Mtoto aliona kuwa moja ni la kujibia mtihani wa dini na la pili ni la kujibia mtihani wa sayansi. Mtoni alikwenda bila ya daftari.

Haki lazima isemwe: wapo waliofanya vizuri kuliko hivyo. Katika miaka ya 2000 skuli za msingi za Unguja zilitumia kijitabu cha picha kwa Kiswahili kiitwacho Juma na Kichocho. Jina lake peke yake limefanya kazi ambayo duara haliwezi, kwani Juma tunamjua, na duara hatujapata kukutana nalo. Lakini ninalolisifu zaidi ni kwamba watafiti walirudi skuli kuwapima watoto elimu waliyoipata kutokana nacho, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2006, hawakuridhika kwa kusikia kuwa kimependwa. Hebu nitajie mabango mangapi yaliyopata kurudiwa na aliyeyabandika akamuuliza mtoto: wewe hapa umeona nini? Vilevile mradi wa kuondoa kichocho Unguja na Pemba, ulioanza mwaka 2011 na kuendelea kwa miaka kadhaa, haukutegemea picha peke yake. Watu walipewa dawa ya prazikwanteli mara kwa mara, konokono walipigwa dawa mitoni, na walimu walikalishwa kitako kuzungumza na watoto juu ya pahali pa kukojoa na pa kuchezea. Maradhi yakapungua sana, ingawa hayakwisha.

Hao watafiti walilijua jambo jingine ambalo hakuna bango litakalolionesha. Konokono wa majini wa upande wa kusini wa kisiwa chetu, huko Makunduchi na jirani zake, anafanana mno na yule wa Kinyasini na Chaani; ni ndugu. Lakini wa kusini habebi kichocho, wa kaskazini anabeba. Ukiwachora wote wawili kwa ustadi, mtazamaji atasema ni mmoja. Walipambanua kwa kuwakusanya, kuwatazama kwa hadubini na kuwajaribu mmoja mmoja kwa miaka. Jicho lina mpaka wake, na picha mpaka wake ni wa karibu zaidi.

Najua wapo watakaoniandikia kuniuliza hukumu ya picha zenye roho. Maulamaa wamelizungumza kwa urefu na ikhtilafu zao zinajulikana. Silo somo langu leo. Wapo na wengine, vijana, watakaosema kuwa Sheikh anazitia shaka picha kwa sababu anaitia shaka sayansi. Hao nataka wanifahamu vizuri. Aliyeuliza isnadi ya hadithi hakuwa akiikataa Sunna, alikuwa akiilinda. Nimeona watu wawili wanaopotea katika jambo hili. Mmoja hukataa kila kitu, akasema hata mwezini watu hawakufika, picha zile za 1969 ni za sinema. Mwingine hukubali kila kitu kilichokuja kwa rangi nzuri. Ukiwakalisha barazani utawaona wanabishana mpaka isha, na wote wawili hawajapata kuuliza nani aliyepiga, kwa chombo gani, na kimekuzwa mara ngapi.

Kijana wangu alipelekwa hospitali, akapewa dawa, Mwenyezi Mungu akampa shifaa. Wiki iliyofuata nilimkaribisha chuoni bwana afya mmoja aliyekuja na chupa ya kioo. Ndani mlikuwa na konokono watano waliokufa. Chupa ikapita mkononi kwa mkono, na nikawaambia kila mmoja amchore mmoja wao kwa ukubwa wake hasa, asizidishe. Wakalalamika kuwa ni kazi ya kuumiza macho. Yule hodari wa hifdhi alichora nukta tano kwenye karatasi nzima nyeupe, na chini yake akaandika kwa hati nzuri ya Kiarabu ile hadithi ya maji yaliyotuama, na jina la mpokezi wake.

Alasiri tukaenda kijitoni sote pamoja na bwana afya. Nikawakataza wasivuke ukingo. Yeye aliyevaa mabuti akainua jani moja kwa fimbo, akaligeuza, na watoto wakainama kutazama. Kwa muda hapana aliyesema neno. Kisha yule kijana akaanza kuhesabu kwa sauti, akafika kumi na moja, pahali pale pale alipokuwa akiangalia kwanza.